Uzi wa Karani wa Korti ya Dhahabu

Nilirudi kutoka chumba cha akina mama nikiwa na chupa mbili za maziwa ya mtoto wangu mkononi, bado zina joto, nikakuta meza yangu imesafishwa. Sanduku nililokuwa nimelifungua asubuhi lilikuwa tupu. Karatasi kubwa zilikuwa rundo moja, kingo zimenyooshwa. Vipande vidogo vilikuwa rundo lingine. Katikati, kwenye kisahani cha chai, kulikuwa na fungu la nyuzi nyeusi zilizokatwa, kama nywele sakafuni kwa kinyozi.

Meneja wa Uzalishaji, Mkenya mwenzangu wa Nairobi, alikuwa amesimama pembeni na kisu cha karatasi, anatabasamu.

"Mama Imani, si unishukuru kwanza? Ulikuwa unakamua, nikaona nikupige jeki."

"Umekata nyuzi?"

"Mashine haimezi uzi. Kubwa na kubwa, ndogo na ndogo. Nakato wa kamera anapitisha sanduku zima kabla ya lanchi."

"Umezikata zote?"

"Zote. Na kesho asubuhi namalizia masanduku yaliyobaki. Usiniangalie hivyo, mathe."

Niliziweka chupa chini, taratibu, maana maziwa hayakuwa na kosa. Kisha nikapiga kelele ambayo sijawahi kuipiga tangu nishuke uwanja wa ndege wa nchi hii. Mlinzi wa lango alikuja mbio kuangalia nani ameumia.

Ili muelewe kwa nini mtu mzima alipiga kelele kwa sababu ya uzi, lazima nirudi nyuma. Nawaandikia nyinyi mtakaokaa kwenye meza ile baada yangu. Mimi si mzee. Nina mtoto anayenyonya na cheti cha kidato cha nne, basi. Lakini kazi yenyewe imezeeka mikononi mwangu na sasa ninaiacha, kwa hiyo nina haki ya kusimulia kama wastaafu wanavyosimulia.

Siku ya kwanza nilifika kazini na viatu vya visigino, kwa sababu wakala aliniambia ni kazi ya ofisi. Ilikuwa ghala. Liko upande wa Al Twar, hapa Dubai, jengo la bati lenye kiyoyozi kinachovuma mchana kutwa, na ndani yake kuna rafu za chuma mpaka darini, zimejaa masanduku ya makaratasi ya watu wengine. Kampuni inapiga picha nyaraka kuukuu ili wenyewe waweze kuzisoma kwenye kompyuta. Aliyenipokea alikuwa Msimamizi wa Chumba, Bi. Salma, mama wa Kizanzibari ambaye jamaa zake wamekaa Dubai tangu kabla sijazaliwa. Alianza kwa kuniangalia miguu.

"Hivyo unakwenda navyo harusini?"

"Niliambiwa ni ofisi, madam."

"Madam ni huko kwenye majumba ya watu. Mimi niite Bi. Salma. Vivue, kandambili zipo nyuma ya mlango. Kisha kanawe mikono, na pete hiyo uivue."

"Nivae glavu?"

"Glavu za nini, mwanangu? Mkono wenye glavu hausikii karatasi ikianza kuchanika. Mkono safi, mkavu, khalas."

Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza, na mpaka leo nikimbadilisha Imani nepi nanawa mikono na kuikausha kwa namna ile ile, kidole kimoja kimoja.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa mapokezi. Sanduku likishushwa kwenye lori halifunguliwi siku hiyo. Linalazwa kwenye chumba cha kando mpaka unyevu wa safari uishe, na mpaka tujue kama limekuja na wageni: mende, mchwa, au wale wadudu wembamba wa rangi ya fedha wanaokula gundi. Kazi yangu ilikuwa kunusa. Mtacheka, lakini nilifundishwa kunusa. Karatasi yenye ukungu inanuka kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Karatasi nzima inanuka vumbi, na kwa mbali tumbaku. Ukikosea hapo, ukungu wa sanduku moja unahamia kwenye rafu nzima. Nilinusa mpaka Baba Imani, ambaye wakati huo alikuwa bado mchumba tu, akaniambia nimeanza kumnusa na yeye akitoka zamu ya ulinzi.

Kituo cha pili kilikuwa meza ya kufungua. Hapo una brashi laini, kibapa cha mfupa cha kunyooshea mikunjo, na taa. Unatoa karatasi moja, unaipangusa, unaikunjua, unaiweka. Inasikika rahisi. Ugumu wake uko kwenye sheria moja ambayo Bi. Salma aliirudia kila wiki: karatasi zibaki katika mfuatano ule ule aliouacha karani wake. Sisi tunauita mpangilio wa asili. Hata ukiona barua ya Desemba imetangulia ya Januari, usiguse.

"Na kama karani alikosea?" nilimuuliza.

"Basi ndo kosa lake, na lake libaki lake. Wewe ukilipanga upya utakuwa umeandika jambo ambalo yeye hakuliandika. Nani kakuajiri uandike?"

Kituo cha tatu kilikuwa kamera. Inaning'inia juu ya meza, inatazama chini, na taa mbili za pembeni zinawekwa mlalo ili hata alama ya kalamu iliyofutika ionekane. Mkuu wa Kamera alikuwa Nakato, Mganda, mwanamke mwenye utani na kifua cha kucheka. "Wee Mkenya," alikuwa akiniambia, "pumua kama mtu asiyedaiwa. Ukihema hivyo picha inatetemeka." Nilipita vituo vyote vitatu, kisha nikarudishwa meza ya kufungua kwa sababu Bi. Salma alisema mikono yangu ina subira kuliko mdomo wangu. Sijui kama alikuwa ananisifu.

Masanduku ya korti ya dhahabu yalifika nikiwa kwenye meza hiyo. Mteja alikuwa familia ya wauza dhahabu wa hapa hapa Dubai. Walitaka kuwaonyesha watu, kwenye jumba lao la maonyesho, dhahabu ilipita wapi kabla ya kuwa bangili. Walikusanya mizani, taa za wachimbaji, sepetu, na pamoja na hivyo masanduku ya kumbukumbu za korti moja ya migodi ya magharibi mwa Kenya, enzi za mkoloni. Nilipoona neno Kakamega kwenye kifuniko nilikaa chini. Ni kwetu.

Kwetu Wazungu walikuja kutafuta dhahabu, wakachimba, wakaondoka, mashimo yakabaki. Nikiwa mtoto, mama alitukataza kupita nyuma ya kinu cha unga kwa sababu ardhi ya pale ilishameza ng'ombe wa jirani. Hatukuuliza nani alichimba. Shimo lilikuwepo kama mto ulivyokuwepo. Watu huniuliza kama nilimkuta babu wa babu yangu kwenye masanduku yale. Sikumkuta, wala sikumtafuta. Kazi hairuhusu kupekua, na mimi sikwenda Dubai kutafuta mizimu.

Korti ya migodi haikuwa korti ya wezi. Aliyekalia kiti alikuwa Hakimu wa Migodi, ofisa wa serikali ambaye siku nyingine za wiki ndiye aliyetoa vibali vya kuchimba. Kesi zilikuwa za vigingi, yaani mtu amepigilia vigingi vyake ndani ya kitalu cha mwenzake. Nyingine zilikuwa za vibarua waliotoroka mgodini. Na nyingine, ambazo ndizo nilizozipenda, zilikuwa za wenyeji waliokuja kusema kwamba shamba lao limepasuliwa. Shahidi alisema kwa lugha yake, mkalimani akageuza, karani akaandika kwa Kiingereza kwenye karatasi kubwa. Ila kwenye karatasi hiyo Mwafrika hakuwa na jina. Sijui ilikuwa amri au uvivu. Iliandikwa tu, mwanamke mwenyeji anasema. Kibarua mwenyeji anakana. Ukurasa baada ya ukurasa, anasema, anakana, na humjui ni nani.

Karani wa korti ile alitafuta njia yake. Jina lake hakuliandika popote. Tunamjua kwa mwandiko tu: herufi zimelalia kulia, mikia mirefu. Alikata vipande vidogo vya karatasi, akaandika jina la shahidi, jina la mume au baba, na kijiji. Akamwekesha shahidi dole gumba la wino. Kisha akakishona kipande hicho kwenye kona ya karatasi kubwa kwa sindano na uzi mweusi. Hakutumia pini, maana pini hushika kutu na kuila karatasi. Wala hakuandika namba ya kesi kwenye kipande, kwa sababu hakuihitaji. Karatasi kubwa ilikuwa na maneno yasiyo na mtu, kipande kilikuwa na mtu asiye na maneno, na uzi ndio ulioviunganisha. Sijui kama korti nyingine zilifanya hivyo. Ile moja ilifanya.

Bi. Salma alipoona kona ya kwanza aliita wote mezani.

"Tazameni mshono huu. Utasema kanzu ya Idi. Huyu bwana alikuwa fundi, na alikuwa akiogopa watu wake wasipotee." Kisha akapiga makofi. "Yalla! Picha moja, karatasi na kipande na uzi wake. Halafu kipande kifunuliwe, picha ya pili. Asikatwe mtu hapa."

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi, polepole, sanduku baada ya sanduku, na nilikuwa nafurahi kuamka. Nikitoka nyumbani Jumeirah Village Circle alfajiri, nimebanwa kwenye basi kisha metro, wenzangu wamesinzia, mimi nilikuwa nawaza nitamkuta nani leo.

Mmoja niliyemkuta ni Mmbone, mke wa Lumbasi. Bwana mmoja mwenye kibali alichimba mfereji wa kutafuta dhahabu katikati ya shamba la mama huyu la wimbi, hakuona kitu, akauacha wazi. Mtoto wa Mmbone akatumbukia, akavunjika mguu. Mama yule alimbeba mgongoni mpaka kortini na akasimama mbele ya Hakimu. Nimesoma malalamiko mengi, na mengi yanazunguka. Lake halizunguki. Alisema yeye ni nani, anatoka wapi, nani alichimba, nini kilitokea, anataka nini. Alichotaka ni kitu kimoja: shimo lifukiwe. Hakuomba zaidi. Hakimu aliandika kwa mkono wake chini ya ukurasa, arudi baada ya mvua.

Nilimsomea Bi. Salma mstari huo. Alinyoosha kitambaa chake cha kichwa.

"Alirudi?"

"Sijui. Itakuwa kwenye masanduku ya mbele. Hatujafika."

"Ukifika niambie."

Sikuwahi kumwambia akiwa kazini, kwa sababu Bi. Salma alistaafu, na mimi nikapata mimba. Niseme wazi hapa, maana hasira isinifanye mwongo: kampuni ilinitendea vizuri. Nilipewa likizo yangu. Niliporudi, mwenye kampuni, ambaye sote tunamwita arbab, alitoa amri chumba kidogo cha vifaa kiwekewe kufuli, kiti na friji, kiwe cha akina mama. Nakato aliniwekea pazia kwa mkono wake. Kuna rafiki zangu wanaokamua maziwa chooni kwenye majengo ya vioo. Mimi nilikuwa na chumba chenye ufunguo.

Ila nilikuta cheo kipya. Msimamizi wa Chumba hakuwepo tena, sasa kulikuwa na Meneja wa Uzalishaji. Na kulikuwa na mashine mpya ya kulisha, unayoiwekea karatasi juu inazimeza na kuzitapika upande wa pili zikiwa zimeshapigwa picha. Kwa ankara na risiti ni mashine nzuri sana. Meneja naye si shetani. Alianza nchi hii kama mlinzi wa usiku, akapanda, na alikuwa na lengo la siku ubaoni ambalo aliulizwa yeye, si mimi. Lakini alikuwa na mdomo. Kila nikinyanyuka na begi langu la chupa alitangaza chumba kizima, "Mama Imani anaenda gereji." Nilivumilia. Nilimwomba kwa heshima masanduku ya korti yasipelekwe kwenye mashine. Nikamwonyesha nyuzi. Akasema sawa, amesikia. Nikamwonyesha tena. Akasema, "Nimesema nimesikia, madam." Niliamini amesikia.

Ndipo siku ile nikarudi na chupa zangu.

Nilipomaliza kupiga kelele nilichukua kipande kimoja kwenye rundo la vidogo, nikamwekea mbele ya uso.

"Huyu ni wa karatasi gani?"

"Si ameandikwa jina?"

"Jina naliona. Alisema nini?"

Akapekua rundo la kubwa, juu juu. "Itakuwa moja ya hizi."

"Ipi?"

"Wacha drama, Mama Imani. Hao watu walikufa zamani. Nani atakuja kuuliza?"

"Mimi."

"Basi uliza kesho. Leo tuko nyuma ya lengo, na unajua ni kwa sababu ya nani anayetoka toka." Akachukua karatasi ya sanduku, ile inayobandikwa kwenye kifuniko na kuonyesha nani alilifungua, akasaini kwamba limetayarishwa. Jina lililokuwa juu yake lilikuwa langu.

Alipoondoka, Nakato alizima mashine yake bila kuambiwa na mtu. Tukakaa wawili mchana kutwa tukijaribu kurudisha. Tulianza na matundu ya sindano: tukipata kipande chenye matundu mawili yanayolingana na ya karatasi, tumempata mtu. Lakini karani yule alikuwa na mkono mmoja usiotikisika. Matundu yake yote yalikuwa mahali pamoja, umbali mmoja. Tukajaribu kivuli, maana mahali kipande kilipolala karatasi hubaki nyeupe zaidi. Vipande vyote vilikuwa na ukubwa mmoja. Usafi wa kazi yake ndio uliotufungia mlango. Wachache tuliwapata kwa doa la wino lililovuka toka karatasi hadi kipande. Wengi hatukuwapata.

Na katikati ya rundo hilo nikamwona. Mmbone, mke wa Lumbasi. Dole gumba lile lile nililoliona kwenye kipande chake cha kwanza, lenye kovu la mstari katikati.

Alirudi. Baada ya mvua alirudi, kama alivyoambiwa. Kwenye rundo la kubwa kulikuwa na karatasi nyingi zilizosema mwanamke mwenyeji anasema kuhusu shimo. Moja ilisema shimo lilifukiwa. Moja ilisema aondoke kwenye ardhi ile. Moja ilisema arudi tena. Yoyote kati ya hizo inaweza kuwa yake, na hakuna mtu duniani anayeweza kuniambia ni ipi.

Nilimpigia Baba Imani abaki na mtoto, nikachukua chupa zangu, nikaenda moja kwa moja Rashidiya kwa Bi. Salma. Si mbali na kazini. Alifungua mlango, akaniona uso, akaona begi.

"Maziwa yatie frijini kwanza. Hasira haichachi, maziwa yanachacha."

Nilimweleza yote nimesimama. Kisha nikakaa kwenye meza yake ya kulia, nikaandika barua ya malalamiko. Alivaa miwani, akaisoma, akaiweka chini.

"Mwanangu, hii siyo barua. Haya ni matusi yaliyotiwa tarehe."

"Anastahili!"

"Anastahili, nani kakataa? Lakini kesho asubuhi ana kisu, na wewe una karatasi. Utamshughulikia yeye au utazuia kisu?"

Aliniletea kahawa na kipande cha halua, akakaa mkabala.

"Yule mama wa wimbi. Hebu n'ambie tena, alipofika mbele ya Hakimu alisemaje?"

Nikamwambia. Ni nani, anatoka wapi, nani alichimba, nini kilitokea, anataka nini.

"Alitukana?"

"Hapana."

"Na mtoto kavunjika mguu." Akanisogezea karatasi mpya. "Haya. Lakini mimi si mkatili, sentensi moja ya hasira nakuruhusu. Itie mwisho, wawe wameshasoma."

Kulipokucha nilikuwa mlangoni kwa Ofisi ya Wafanyakazi ya kampuni kabla haijafunguliwa. Sitajifanya sikuogopa. Visa yangu iko mkononi mwa kampuni, na mtoto wangu yuko juu ya visa ya baba yake ambayo nayo ina mwenyewe. Afisa aliisoma barua mara mbili.

"Haya ni malalamiko kuhusu kunyonyesha au kuhusu makaratasi?"

"Yametokea kwenye meza moja, madam."

Aligonga muhuri wa kupokea, akanipa nakala, akainua simu. Nilipofika chumbani Meneja alikuwa ameshashusha sanduku la pili na amelifungua. Nilisimama mbele ya meza. Nakato alikuja akasimama upande wangu, akijifanya anafuta lenzi. Tulisimama hivyo mpaka arbab alipoingia mwenyewe na barua yangu mkononi. Aliangalia kisahani cha nyuzi. Kisha akasema maneno machache tu: "Khalas. Kisu nisikione tena ndani ya chumba hiki."

Masanduku yaliyobaki yalirudi kwenye kamera, na nyuzi zake. Nimeyamaliza mimi na Nakato, yote. Meneja bado yuko, siku hizi anashughulikia ankara na anazimudu. Aliwahi kuniuliza kama bado nina kinyongo. Nilimwambia ndiyo. Angalau tunaelewana.

Sasa naondoka. Mkataba umekwisha, Imani ameanza kusimama kwa kushika viti, na mimi nataka asimame kwenye nyasi. Tunarudi nyumbani. Nikitazama nyuma, kitu ninachokiona zaidi ni bahati. Nilikuja na viatu vya harusi na cheti cha sekondari, nikafundishwa kazi na mwanamke aliyenivua viatu kabla hajanisalimia. Namshukuru Bi. Salma. Namshukuru Nakato, aliyezima mashine. Namshukuru arbab kwa chumba chenye ufunguo na kwa kusoma barua ya kibarua mpaka mwisho. Namshukuru karani yule, ambaye hatukujua jina lake, ingawa alijitesa ili majina ya wengine yajulikane. Nyinyi mtakaokaa kwenye meza yangu, naweni mikono, ikausheni, na mkikuta uzi mahali msipopategemea, ulizeni kwanza unashikilia nini.

Na Mmbone namshukuru kwa kunifundisha kuandika barua. Niliiandika kwa Kiingereza cha ofisi. Kwa Kiswahili inasema hivi:

*Kwa Ofisi ya Wafanyakazi. Mimi ni Everlyne Khavetsa, mama wa Imani, mtayarishaji wa nyaraka, meza ya kufungua. Natoka Kakamega, naishi Dubai.*

*Jana, nikiwa kwenye chumba cha akina mama kwa ruhusa ya kampuni, Meneja wa Uzalishaji alifungua sanduku la korti ya migodi lililokuwa mezani kwangu, akakata nyuzi zote zilizounganisha majina ya mashahidi na maneno yao, akatenganisha karatasi kwa ukubwa. Nilikuwa nimemweleza mara mbili asifanye hivyo. Mashahidi wengi wa sanduku hilo hawawezi tena kurudishiwa maneno yao. Sanduku limeandikwa jina langu. Leo anakusudia kukata yaliyobaki.*

*Naomba asiyakate. Naomba jina langu liondolewe pale, na liwekwe la aliyekata. Naomba nyuzi zisitupwe. Na naomba barua hii iwekwe mbele kabisa ndani ya sanduku lililoharibiwa, ipigwe picha iwe ukurasa wa kwanza, ili atakayelifungua baadaye ajue kwamba karani wa korti alifunga kila kitu sawasawa, na mkono uliokata ulikuwa wetu.*

*Nasubiri jibu leo, hapa mlangoni. Nisiambiwe nirudi baada ya mvua, maana ninyi na mimi tunajua mvua ya Dubai.*